Nyinginezo

Nilifika Maramba umande umeshakauka,
pikipiki imetapakaa tope hadi kwenye taa,
kishikwambi begani, maswali ishirini na mawili,
na fimbo ya chuma inayosoma unyevu wa udongo.

Nyamvua yuko jikoni, juu ya kigoda,
anateremsha mbegu darini.

Swali la saba: Mbegu umezihifadhi wapi?
Kioo kinanipa pipa, kinanipa mfuko usiopitisha hewa.
Yeye ananipa mahindi yaliyofungwa mawili mawili
kwa maganda yake, meusi, yanang'aa;
moshi wa miezi sita umeyavika ngozi
ambayo fukusi haitoboi.
Moshi haumo kwenye orodha.
Nabonyeza: Nyinginezo.

Swali la tisa: Ulijuaje siku ya kupanda?
Redio. Ujumbe wa simu. Bibi shamba.
"Masika yaliyopita kumbikumbi walitoka Jumatatu usiku,
kuku wakala hadi wakashindwa kuruka kichanjani.
Nikahesabu siku nne."
Nyinginezo.

La kumi na tatu, Nyinginezo. La kumi na tano.
Akashuka kigodani, akachungulia kioo:
"Huyu Nyinginezo ni mtoto wa nani hapa Maramba,
mbona analima kuliko sote?"

Sikuwa na jibu. Tukaenda shambani.

Kwenye mwinuko akafumbata udongo, akafumbua,
ukamwagika kama unga. "Bado."
Fimbo nayo: asilimia tisa. Bado.
Bondeni, penye migomba, donge likashikana.
"Hapa tayari."
Nikaididimiza fimbo hadi kwenye mpini.
Chini kule, pakavu kama jivu la juzi.

Akachutama. Akakaa kimya muda.
"Kumbe ndiyo sababu mahindi yalinifia hapa.
Nilimsingizia jirani."

Akaiomba fimbo. Nikasema ina namba ya serikali.
"Hata mimi ninayo," akajibu, "ya kupigia kura."
Nikamwachia mpaka Ijumaa.
Akanitilia mahindi mawili begini.

Swali la mwisho lilikuwa Maoni.
Niliandika: Ongezeni moshi. Ongezeni kumbikumbi.
Ongezeni na mahali pa kumwomba jirani radhi.
Mtandao haukuwepo; fomu ikazunguka, ikazunguka,
ikaja kwenda nilipofika kilimani.

Asubuhi ofisini bosi akanusa:
"Nani kaunguza kitu?"
Kishikwambi kipo mezani, kinachaji,
kinanuka jiko la Nyamvua.