Swali la Kwanza

Milwaukee, Februari. Theluji imeganda kwenye ngazi zako
nami nimepanda nikishika ukuta,
nimevaa koti la kanisani,
maana mama alinilea hivyo: ukienda kwa wenye vyeti
nenda umenyooka kama uliyepigwa pasi.

Kiti laini. Sanduku la karatasi za machozi
limesogezwa upande wangu kabla sijalia.
Mmea wa plastiki. Saa uliyoiweka mahali
unapoweza kuitazama bila kuonekana unaitazama.

Nikasema, kaka yangu amefariki.
Nikasema, alikuwa na miaka thelathini na minne.
Nilikuwa navuta pumzi niseme la tatu
ukaniwahi, kwa sauti ya pole, sauti ya pamba:
"Risasi?"

Laiti ungekuwa mkali,
ningejua pa kushika.
Uliinamisha kichwa, kalamu ikasubiri,
kana kwamba kifo chetu kina fomu
na kisanduku cha kwanza umeshakijaza.

Hapana, Bi Lindqvist. Mshipa wa kichwa.
Alikuwa kanisani kwa Walutheri, Jumanne asubuhi,
hakuna mtu, sikio lake kwenye mbao za piano.
Alikuwa fundi wa kulinganisha nyuzi.
Walimkuta na spana yake ndogo mkononi.

"Lo," ukasema, "ajabu iliyoje! Alijifunzia wapi?"

Nikacheka kidogo, ili wewe usione haya.
Nikasema si kitu, usijali,
nikakubembeleza dakika tano nzima
kwa dola mia na arobaini kwa saa.
Ukaniambia mimi ni mwanamke mwenye nguvu sana.
Nikazibeba na hizo nguvu, nikashuka nazo ngazi za barafu.

Wiki tatu sikuja.
Kwenye foleni ya duka la dawa nilikujibu.
Nilikujibu nikisugua masufuria. Nilikujibu kwa ufasaha,
kwa vidole, kwa matusi ya bibi yangu wa Mississippi.
Renita akauliza: kwani alikutukana?
Hapana.
Basi alikufanya nini?
Nikakosa neno lenye ukubwa wake.
Dogo mno kulishtakia, kubwa mno kulimeza.

Kaka aliwahi kunieleza:
noti moja ya piano ina nyuzi tatu.
Mmoja ukilegea, kiasi cha unywele tu,
husikii kosa. Unasikia mtikisiko,
wa-wa-wa, kama kitu kinachotetemeka nyuma ya mlango.
Wengi hawausikii, alisema. Huondoka tamashani
kichwa kinawauma, wasijue kwa nini.

Leo nimerudi. Sijui kwa nini;
pengine kwa sababu nilikwishalipa.
Hukuuliza habari za barabara.
Ulisema: "Mara ile niliamua jinsi kaka yako alivyokufa
kabla hujaniambia.
Kisha nikashangaa kwamba alikuwa na ufundi.
Halafu nikakuacha wewe unitulize.
Sikuombi unisamehe. Sitaki tu uwe peke yako
katika kujua kwamba lilitokea."

Shingo yako ilikuwa nyekundu. Sikukuokoa.
Nilisikiliza bomba la joto likigonga ukutani,
nikaiacha aibu yako ikae kwako, nyumbani kwake.

Wanasema jino la pembe si dawa ya pengo.
Nililipapasa kwa ulimi. Pengo lipo.
Lakini kwa mara ya kwanza humu ndani
niliusikia ule mtikisiko na mtu mwingine akiusikia.

Ndipo ukauliza lililopasa kuwa la kwanza:
"Aliitwa nani?"

Cortland. Cortland Amos Tibbs.
Nyumbani tulimwita Sikio.

Nikalisukuma sanduku la karatasi katikati ya meza.
Zilibaki dakika kumi na moja.
Nikaanza na piano ya kwanza aliyoifumua, ya shangazi Verdell,
alipokuwa na miaka tisa,
na kipigo alichokula, na jinsi jioni ile
shangazi alivyoketi, akabonyeza kidole kimoja,
akanyamaza.