Kiti cha Tatu

Daktari wa meno alifariki Januari,
na tangu hapo kiti cha tatu kwenye bodi ya parole
ki kitupu, mgongo wake ukielekea theluji ya Saskatchewan.
Hakuna aliyeniuliza nani akikalie.
Mimi ni wa jikoni.

Lakini miaka kumi na minne nimehesabu visu vya gereza hili
kila jioni kabla ya kengele,
na namba saba ni cha Orest Danylchuk,
amenyaye viazi kwa maganda membamba mno,
ukiliinua moja kwenye mwanga, unaliona dirisha.
Mara moja tu alichelewa nacho:
siku aliyoambiwa kwa simu kuwa mama yake keshazikwa.
Alisimama amekishika upande wa ncha, mpini ukinielekea,
akaniomba radhi kwa zile dakika mbili.

Hilo halimo kwenye faili.
Faili lina tarehe, ghala la ngano, chupa,
na jina la kijana: Lucien Gaudry, miaka ishirini na mbili.
Lina neno "hatari", limepigiwa mstari
na mtu asiyewahi kuonja supu ya Orest.

Jaji mstaafu ana moyo, sikatai,
ila moyo wake una ndege ya saa tisa.
Mwanasaikolojia ana jedwali:
alama kumi na moja, ndani; kumi, labda.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
hawa wamesoma kitabu kizima cha kunguni.

Nikafikiri: basi kiti apewe mama wa marehemu.
Nani ana haki kumshinda?
Kila baada ya miaka miwili Bi Philomène huja,
safari ya siku nzima, picha kifuani,
na chai yangu hupoa mbele yake.
Nikamwambia. Akacheka, kicheko kikavu kama makapi.

"Mimi? Asubuhi ningemnyonga.
Jioni, Mungu anisamehe, ningemfungulia mlango
kwa sababu tu amekohoa kama Lucien wangu.
Mkono unaotetemeka hivi haushiki mizani.
Na wasiotetemeka kabisa, hao nao siwataki.
Mwekeni mtu atakayepakana naye ua.
Atakayesikia usiku komeo lake likifunguka.
Aamue, kisha akalale papo hapo."

Kando ya nyumba yangu, mtaa wa reli,
kuna kijumba cha mbao, kibao cha "Inapangishwa" kimefifia.
Nimekipita kila siku kama nipitavyo nguzo ya umeme.

Kikao kilianza saa nane na robo,
nusu kikaisha. Jaji aliiwahi ndege yake.
Orest alirudi, akafunga aproni, hakusema neno,
nami sikuuliza.
Alimenya.
Kengele. Tano, sita.
Saba kipo, kimefutwa, mpini kwangu.

Usiku niliitandaza mezani fomu ya kuomba kiti.
Wanataka shahada, uzoefu, wadhamini wawili.
Hakuna mstari unaouliza ninaishi karibu na nani.
Nimeuongeza mwenyewe, pembeni,
kwa penseli ninayoandikia oda za vitunguu,
halafu nikakitazama kile kijumba, giza tupu madirishani,
nikajaribu kukiwashia taa akilini,
na mtu akipita nyuma ya pazia.

Mkono ulitetemeka.
Kiasi.