Mwendo wa Themanini

Chini ya sitini ni mpole, mtoto wa kwaya.
Sabini, ananong'ona kwenye viganja.
Themanini, tukishapita Halali, pale lami inaponyooka
kuelekea Igawa,
anatikisa kichwa: hapana, hapana, hapana,
na mimi juu yake, nyuma nimefunga kwa mpira wa tyubu
mtungi wa mbegu za madume unaofuka baridi,
namwambia ndiyo, tafadhali, ndiyo,
kuna ng'ombe ananisubiri Chimala na joto lake halingoji kesho.

Nikasema ni upepo.
Makambako kila kitu ni upepo.
Bati likiruka, upepo. Mtu akikunja uso, upepo.
Roli la shaba likikupita na kukuacha mtaroni
moyo ukiwa mdomoni,
upepo.

Fundi Lwitiko, jina lake kwa Kinyakyusa ni imani,
haamini kitu asichokishika.
"Inaanza ukiwa na mzigo, au hata mtupu?"
Hata mtupu.
"Ukiachia mafuta, inatulia au inazidi?"
Inazidi kidogo, halafu inatulia.
"Unabana mikono?"
Nani habani mikono kwa themanini?
"Basi unailisha hofu yako, nayo inakurudishia chenji."

Akaanza na upepo, ule wa ndani.
Tairi la nyuma lilikuwa nusu mlo.
"Upepo wako huu hapa," akacheka, akajaza.
Nikaenda hadi Igawa, nikarudi.
Hapana, hapana, hapana.

Akagonga spoku moja moja kwa spana namba kumi,
sikio karibu, kama anayechagua tikiti sokoni.
Zilizokaza zilijibu tii.
Mbili zikajibu du,
sauti ya mtu aliyeulizwa deni mbele ya wageni.
Akazikaza.
Nikaenda, nikarudi. Sasa hapana moja tu,
lakini ya moyoni.

Ndipo akaweka kreti la soda chini ya injini,
gurudumu la mbele likaning'inia,
akausukuma usukani kwa kidole kimoja.
Ulitoka kushoto ukiteleza vizuri,
ukafika katikati,
klik,
ukakaa, kama umekuta kiti chake.
"Umeona?"
Sijaona.
Akausukuma tena. Klik.
"Shingo ina kidonda."

Gololi zikaoga petroli kwenye sahani ya bati.
Kikombe cha beringi kilikuwa na vishimo upande wa mbele,
kila gololi na kaburi lake.
"Hivi havichimbwi na upepo, dada.
Pikipiki hii iligonga kitu. Kwa mbele. Kwa nguvu. Lini?"

Mimi sijagonga kitu.

Mwezi wa tano, Obadia, mdogo wangu, aliiazima
kwenda msibani Wanging'ombe.
Aliirudisha imeoshwa.
Mtu ambaye hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea
aliiosha hadi chini ya matopeo.
Mama akasema, sasa amekua.
Nikampa elfu tano.

Njia ya mwongo ni fupi, walituimbisha shuleni.
Hii ilikuwa kilomita elfu mbili na mia tatu,
nimezihesabu,
na aliyezipanda zote ni mimi.

Lwitiko akafunga vikombe vipya, akakaza nati, akalegeza kidogo.
"Ukikaza mno itatembea kilevi. Ukilegeza mno utarudi kwangu.
Ukiigusa, iache ianguke yenyewe, kwa uzito wake."

Jioni Obadia alikuwa anapukuchua maharage uani.
Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, yote ya themanini.
Nikakaa. Nikachukua ganda moja.
"Hivi," nikamwambia, "Wanging'ombe kulikuwaje?"

Akaanza vizuri. Akasimulia watu walivyojaa,
wali uliotoka mbichi, padri aliyechelewa,
mvua iliyokatika wakati wa kufukia,
akaja hadi safari ya kurudi.

Klik.