Makopo Saba Ukokani

Kisanduku kimefungwa ukutani, pembeni mwa mita ya LUKU,
kidogo, cha kijani, kinapepesa:
sifuri sifuri, sifuri sifuri.
Kinataka namba.
Ainaeli amekituma kutoka alikokwenda kusoma akasahau kurudi.
Fundi amechimba, amezika mabomba, amefukia,
ameniachia vichwa tisa vya kutema maji
na swali moja: "Mama, niweke dakika ngapi?"
Nikamwambia ngoja.
Akaondoka na pikipiki yake.

Marehemu hakuwa na namba.
Mpira mkono wa kushoto, redio mkono wa kulia,
alianza na muhtasari wa habari, akamaliza na michezo.
Siku Bunge likiwa na maneno mengi, ukoka ulilewa.
Siku betri zikiisha, ulilala na kiu.
Na uliota.
Kwa sababu yake au licha yake, sijui.

Mimi nilikuwa muuguzi.
Miaka thelathini na mmoja chini ya chupa za dripu,
saa kiganjani, macho kwenye tone:
ukizidisha, mapafu yanajaa;
ukipunguza, midomo inapasuka.
Sikisii mimi.

Basi Jumamosi tumekusanya makopo, mimi na Mbazi,
matatu ya nyanya, mawili ya maziwa ya unga,
moja la kiwi, moja halina jina tena.
Tukayatawanya ukokani kama ndugu waliogombania shamba.
Tukafungua. Robo saa kamili.
Mbazi akachovya rula ya mjukuu, ile iliyotafunwa ncha:
kopo la mlangoni, milimita tisa,
la chini ya mparachichi, nne,
la kando ya banda la kuku, kavu kabisa.
"Hili limenyimwa," akasema, akainama alisogeze.
Liache, Mbazi.
Hilo ndilo linalosema kweli.

Lakini udongo wetu wa Rau ni mwekundu, mgumu wa kumeza.
Dakika ya nane maji yaliacha kuzama,
yakajikusanya, yakang'aa, yakatafuta geti,
yakapita chini yake bila hodi
yakateremka barabarani mbele ya akina mama wenye ndoo.
Nikasimama na khanga yangu begani
nikiitazama bili yangu inatembea kwa miguu.
Mama Kandida akaniamkia. Hakusema kitu kingine.
Ningependa angesema.

Nyumbani Kibosho baba hakuuliza dakika ngapi.
Aliuliza: zamu ya nani?
Usiku wetu ukifika alibomoa kizibo cha mfongo,
magome ya mgomba, mawe, tope,
nami nashika chemli, mbu wananila vifundo vya miguu,
maji yanakuja gizani yakinong'ona kama wageni.
Kukipambazuka anaziba,
hata kama mgomba wa mwisho haujanywa.
Aliyechelewa kuziba alilipa debe la mbege
na wote wakalinywa, yeye akiwamo.
Kisanduku hiki hakijui zamu.
Hakijui kama kuna mtu bondeni.

Nimechomeka bisibisi ardhini jioni, hapa na pale.
Imezama hadi mpini, isipokuwa bandani.
Nimeandika nyuma ya kadi ya kliniki:
dakika saba. Nusu saa ipumue. Saba tena.
Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
kabla jua halijaanza kudai chake.
Kichwa cha bandani kigeuzwe.
Mbazi akabonyeza. Kikaacha kupepesa.

Jumatatu nimeamshwa na bati.
Mvua, ya mlimani, ile isiyopiga simu kwanza.
Nikafungua dirisha: vichwa tisa vimesimama wima,
vinazunguka kwa adabu, vinatema ndani ya mvua,
tone kwa tone, dakika ya tatu, ya nne,
na Mbazi kichwani amevaa mfuko wa mbolea
ananipungia mkono kutoka bandani:
"Mama! Tunaimwagilia mvua!"

Nilicheka hadi dakika ya saba.
Ikajizima yenyewe.
Kopo lisilo na jina tulikuwa tumelisahau nje.
Lilijaa, likafurika.