Ruutana Chini ya Barafu

Februari. Bwawa nyuma ya sauna limefumba jicho:
barafu nene kama mkono hadi kiwiko,
theluji juu yake, na juu ya theluji baba yangu, Taavetti,
anazungusha kekee kwa mabega ya miaka sabini na mmoja.

Anahema. Anasimama. Anashika paja.
"Linachoma," anasema, "kama zamani mlimani
nikiwa kwenye skii, pumzi ikibaki nyuma, miguu ikitangulia."
Namwambia ni asidi ya laktiki:
seli imesubiri oksijeni, oksijeni haijafika,
nayo haikuzima jiko; imeichoma sukari nusunusu,
ikapata senti mbili pale ilipozoea thelathini,
na masizi yakabaki nyamani.
"Sawa, mwalimu."
Huniita hivyo akitaka ninyamaze.

Tundu linatoboka. Maji meusi yanapanda, yananuka tope.
Nazamisha kipimo: sufuri.
Tangu kabla ya Krismasi, sufuri.

Na bado huko chini yuko ruutana,
samaki wa rangi ya shaba kuukuu, mwingi wa miiba,
amelalia matope, na moyo wake haujaacha kazi.
Tangu Agosti alikula, akalijaza ini sukari
kama mtu ajuaye siku mlango utakapofungwa.
Sasa anaitumia kidogo kidogo, bila pumzi.
Ile asidi ingekwisha kumuua;
basi misuli yake inaigeuza pombe.

Ndiyo, baba. Pombe. Ileile.

Nilidhani atacheka.
Miaka minne na miezi miwili hajagusa chupa,
hesabu ipo kwa penseli nyuma ya mlango wa sauna
na hakuna anayeruhusiwa kuufuta ule mlango.
Anainama juu ya tundu, mikono magotini.
"Nayo anaiweka wapi?"

Haiweki. Inampitia matamvuani,
inapotelea bwawani, usiku na mchana.

Kimya. Kigogota mmoja, mbali, kwenye msonobari.
"Basi hapo," anasema, "ndipo aliponishinda."

Anachota vipande vya barafu kwa upawa, ingawa kazi imekwisha.
"Na sukari ikimwishia kabla barafu haijayeyuka?"
Anakufa, nasema. Ni sukari tu anayoihesabu.

Ndani, glavu zikidondosha maji juu ya jiko,
baba anatia kahawani vijiko vitatu,
anafikiri,
anaongeza cha nne.
Daktari amemkataza.
Mwalimu ananyamaza.