Kaseti ya Njano

Kwa Mangesho, nyuma ya mashine ya kusaga, Pasua,
televisheni ilipigwa kofi ndipo nyekundu ikarudi.
Shilingi hamsini, mchezo mmoja.
Ukifa umekufa, mpishe mwenzio.

Wavulana waligombea mpira na ngumi.
Mimi, msichana pekee, chenji ya mafuta ya taa kiganjani,
nilingoja wachoke
niombe ile kaseti ya njano isiyo na mwenyewe,
lebo imebanduka, maandishi ya huko kwao
kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Mangesho aliipuliza unga wa sembe, fuu, akaichomeka.
Jina tulilitunga sisi: Babu Ngazi.

Babu Ngazi hakupiga mtu.
Alikwea mlima wa pembetatu kumi na moja
na ngazi moja tu:
aiegemeze, apande, aivute, aiegemeze tena.
Ukimkosesha hatua hakulipuka, hakupiga yowe.
Alikaa chini.
Akavua kofia, na nukta nne za kijivu
zikawa nywele.

Nukta nne!
Nami nilijua kabisa kwamba amechoka,
kwamba ana binti mahali,
na kwamba binti hajui baba yuko wapi saa hizi.

Kileleni sikufika. Mara umeme,
mara mama mlangoni, ameshika chupa tupu.

Sasa yupo Braitoni, mtoto wa kaka, kwenye kochi langu.
Mlima wake una theluji inayoteleza,
farasi anatoa mvuke puani,
jasho la askari waweza kulihesabu tone kwa tone.
Ni mzuri, sisemi uongo. Nilisahau chai jikoni.
Lakini kwanza tulikesha na asilimia:
arobaini na saba, arobaini na saba,
bando likakata, nikanunua jingine.
Kisha mshale ukamwonyesha njia.
Kisha sauti ikamwambia pa kukanyaga.
Kisha wakamuuzia kofia.

"Huyu ana mtoto?" nikauliza.
"Nani?"
"Askari wako."
"Ah, shangazi, stori yake ipo, dakika arobaini.
Niliiruka."

Jumamosi, Memorial, nikitafuta zipu,
chini ya lundo la rimoti na chaja zilizokatika mikia:
njano.
Elfu mbili. Muuzaji akaigeuza mara mbili.
"Kwani hii ni nini, dada?"
"Ngazi," nikasema. Akacheka, akanipunguzia mia tano.

Mashine ya kuichomeka sina.
Nimeiweka dirishani, upande wa mlima,
ambao wiki nzima umejifunika mawingu
kama mtu asiyetaka wageni.
Usiku, Braitoni akilala, naipuliza.
Fuu.
Si unga tena, ni vumbi tu,
lakini midomo inakumbuka zamu yake.

Mwenye mashine aje.
Hamsini ninayo.