Siku Saba Bila Neno

Nilimpikia Aune Kettunen miaka kumi na tisa,
supu ya njegere Alhamisi, viazi siku zote,
na sikumsikia akitamka neno "roho" hata mara moja.
Wageni walishuka kwenye basi la Tampere na mikoba mikubwa,
na maswali makubwa kuliko mikoba.
Yeye aliwapa ufagio.

Mama yake alifuma pamba kiwandani, kando ya maporomoko,
mitambo mia tatu chini ya dari moja,
taka-taka-ta, taka-taka-ta,
hadi masikio yakamtangulia kaburini.
Nyumbani walizungumza kwa mwili.
"Njoo ule" ilikuwa viganja viwili.
"Nimechoka" ilikuwa bega moja kushuka.
Basi usiniulize alijifunzia wapi kucheza.
Mtoto alicheza ili asikike.

Helsinki wakamfunza kusimama kwa ncha za vidole.
Alisimama miaka kumi na mmoja.
Kisha goti likalia ka! kama tawi kavu,
ukumbi umejaa, taa zote juu yake.
Aliniambia hilo mara moja tu, tukimenya viazi:
"Maumivu hayakuwa kitu, Raili.
Ni kwamba muziki uliendelea."

Akaenda mbali. Wengine husema Kyoto, wengine Burma.
Nilipomuuliza alijibu, "Niliketi."
Miaka mitano ya ukuta na mbu.
Alirudi na blanketi moja, na kikohozi,
na namna ya kusikiliza iliyokufanya umalize sentensi
kabla hujafika ulikokusudia.

Alinunua shule iliyofungwa, huku kwetu ziwani.
Ubaoni zilibaki hesabu za watoto wa mwisho.
Hakuzifuta. Saba mara nane, bila jibu.

Kengele ya alfajiri ilikuwa mimi:
nilipiga sufuria mara mbili, theluji nje ingali buluu.
Watu ishirini walicheza na soksi zao, bila muziki,
katika darasa lililonuka chaki.
Mwanzoni ni kichekesho. Kiwiko kinagonga kiwiko,
mchungaji mstaafu anazunguka kama kuku aliyekanyagwa.
Halafu, siku ya tatu hivi, kitu kinatulia.
Unasikia nyayo tu,
na barafu ya ziwa ikinguruma chini kwa chini
kama tumbo la mwenye njaa.
Baada ya hapo waliketi. Waliketi mno.
Mimi nilikaanga vitunguu na kujiona mwenye bahati.

Mwaka mmoja Veijo, meneja wa benki kutoka Turku,
aliingia jikoni usiku wa nne akaanza kuongea na friji.
Aliimwagia yote: talaka, binti asiyepiga simu,
mkulima aliyemnyima mkopo, na alichokifanya mkulima.
Aune alikuwa mlangoni na mkongojo wake.
Nilingoja amkanye. Kanuni ni kanuni.
Akauegemeza mkongojo ukutani, akamshika mkono,
wakacheza polepole, yeye na goti lake,
meneja na pajama zake,
kwa mngurumo wa friji,
mpaka friji yenyewe ikajizima.
Wakabaki wamesimama.
Sijui ni nani aliyeachia mkono kwanza.
Nilikuwa nimegeuka, nikijifanya natafuta chumvi.

Kiharusi kilimchukua maneno mwezi wa Februari.
Daktari alisikitika: mwalimu, na hawezi kusema!
Nilicheka hadi nikaona haya.

Mafungo hayakufutwa. Alikaa kitini mbele ya ubao,
wakacheza kumzunguka,
na mkono wake wa kushoto, ule uliosalia,
ukacheza nao pajani, vidole vitatu tu.
Siku ya sita, katikati ya kuketi, bega lake moja likashuka.
Chumba kizima kikavuta pumzi.
Baadaye niliona walivyoandika madaftarini:
fundisho la kuachilia, somo la mwisho, kuporomoka kwa mimi.

Mimi nilivua aproni
nikaenda kumletea blanketi.